Korongo inameza meli nyingine zote: nipimeje meli za kazi moja na meli ya kazi nyingi?

nahodha_nile (Jinja)

Habari zenu wakuu. Ninatengeneza gemu ya biashara ya anga za juu kwa Godot 4 (injini ya kutengenezea gemu), ya mchezaji mmoja, inayochezeka kwenye simu na kwenye kompyuta. Unanunua bidhaa kituo hiki, unauza kile, ukipenda unawinda maharamia au unachimba madini kwenye asteroidi. Meli za katikati ya mchezo ni nne:

Punda (mizigo): bei 900,000, shehena tani 120, ngao 80, mzinga 1
Kozi (vita): bei 850,000, shehena tani 8, ngao 300, mizinga 4
Fuko (uchimbaji): bei 800,000, shehena tani 60, ngao 100, keekee 3
Korongo (kazi nyingi): bei 1,400,000, shehena tani 96, ngao 240, mizinga 3, keekee 2

Safari moja ya biashara, kupakia hadi kushusha, ni dakika 12. Bidhaa ya kawaida inanunuliwa 1,000 kwa tani na kuleta faida ya 400. Uwezekano wa kukutana na haramia ni 15 kwa 100 kila safari. Haramia anapiga pointi 12 kwa sekunde, na injini ya kuruka inahitaji sekunde 15 kujaa ndipo utoroke. Bodi ya meli zote ina pointi 100 baada ya ngao kuisha. Ukilipuliwa unapoteza shehena na unalipa bima, asilimia 5 ya bei ya meli. Ukimwangusha haramia unapata 20,000.

Korongo niliipa asilimia 80 ya kila meli maalum. Wanaojaribu gemu wote wanaishia humo na hawatoki tena. Nikaishusha hadi asilimia 60, yaani tani 72 na ngao 180, hakuna aliyeigusa. Kati ya hapo na hapo sioni pa kusimama. Je, kuna hesabu ya kufuata, au meli ya kazi nyingi lazima iwe mfalme au iwe takataka?

hesabu_kwanza (Mbarara)

Asante kwa kuleta namba, wengi huleta malalamiko matupu. Ziko za kutosha kuonyesha kilichotokea.

Umekata shehena na ngao kwa asilimia ileile wakati tabia zake hazifanani. Shehena hupungua sambamba na kipato: ukitoa tani 10 unapoteza faida ya tani 10, basi. Ngao ina kizingiti. Haramia wako akipiga 12 kwa sekunde 15 anatoa pointi 180. Ngao ya 240 inadumu sekunde 20, kwa hiyo Korongo ya asilimia 80 inaondoka salama karibu kila mara. Ngao ya 180 inaisha sekunde ileile injini inapojaa. Kuchelewa kidogo kubonyeza kunakuacha na bodi tupu mbele ya mizinga. Punda mwenye ngao ya 80 anavuliwa nguo kwa sekunde 6.7, kisha anakula pointi 100 kwa sekunde 8.3 zilizobaki, na bodi yake ni 100 kamili. Huyo anaishi au anakufa kwa bahati tupu.

Tuweke makadirio kwenye pesa. Safari ni 5 kwa saa. Tuseme Punda akikamatwa anapotea nusu ya mara, Korongo ya ngao 240 mara 5 kwa 100, na Korongo ya ngao 180 mara 25 kwa 100.

Punda: mapato ghafi 120 × 400 × 5 = 240,000. Kupotea ni 7.5 kwa 100 kila safari, kwa hiyo yanabaki 222,000. Toa hasara ya bima na shehena: 0.075 × (45,000 + 120,000) × 5 = 61,875. Mkononi 160,125 kwa saa.

Korongo ya asilimia 80: ghafi 192,000, baada ya kupotea 190,560, toa hasara 6,225, ongeza fidia ya maharamia 15,000 (0.75 kwa saa, tukichukulia kila aliyekuvamia unamwangusha). Mkononi 199,335.

Yaani meli yako ya kazi nyingi inaishinda meli ya mizigo kwenye mizigo. Wachezaji wako hawana kosa.

Korongo ya asilimia 60: ghafi 144,000, baada ya kupotea 138,600, toa hasara 26,625. Inabaki karibu 112,000, na hapo fidia sijaihesabu kwa sababu mwenye ngao ya 180 anakimbia, hapigani. Umetoka 199,000 hadi 112,000 kwa hatua moja. Huo ni ukuta, ndiyo maana hukuona pa kusimama.

La kwanza, bomoa ukuta. Mpe haramia nguvu ya nasibu kati ya 9 na 15 kwa sekunde badala ya 12 kamili. Kwa sekunde 15 hiyo ni kati ya pointi 135 na 225. Sasa ngao ya 200 inavunjika mara 28 hivi kwa 100, ya 180 nusu ya mara, ya 240 haivunjiki. Kizingiti kimekuwa mteremko, na kila pointi ya ngao kati ya 135 na 225 ina thamani yake. Jua tu kwamba wastani ukiupandisha siku moja, mteremko wote unahama.

La pili, acha ngao ya Korongo palepale 240 na ukate shehena peke yake. Kwa tani 72 unapata 152,595 kwa saa, bado karibu mno na Punda. Kwa tani 64 unapata 137,015, kama asilimia 86 ya Punda. Mimi ningeanzia hapo, kisha nijaribu.

fundi_ntinda (Kampala)

Hesabu safi, lakini kupunguza namba ya shehena kwenye jedwali kunaiacha Korongo na kila kitu kwa wakati mmoja: ngao, mizinga, keekee na tani 64. Mchezaji hachagui chochote. Meli ya kazi nyingi inapaswa *kuweza* kuwa na kila kitu, na isiweze kuwa navyo vyote safari moja. Kazi hiyo hufanywa na nafasi za kufungia moduli, yaani vifaa vya kuongeza kwenye meli.

Tazama gemu ya anga za juu ya Elite Dangerous ilivyofanya. Rafu ya shehena ya daraja la 1 inabeba tani 2, la 2 tani 4, la 3 tani 8, na inaendelea kujirudufu hadi daraja la 8, tani 256. Jenereta ya ngao na kifaa cha kukinga mafuta kwenye nyota vinakaa kwenye nafasi hizohizo. Kwa hiyo kila tani ni uamuzi: nikitoa ngao nabeba zaidi, nikiweka ngao nabeba pungufu. Baadhi ya meli za vita zina nafasi za kijeshi ambazo rafu ya shehena haiingii kabisa, na kwa hila hiyo meli ya vita haigeuzwi kuwa lori hata mwenyewe akitaka.

Kwa gemu yako huhitaji madaraja manane. Aina mbili zinatosha:

Nafasi huru, inayopokea moduli yoyote. Ukiweka rafu inabeba tani 16.
Nafasi ya shehena tu. Haipokei kingine, ila inabeba tani 26.

Punda mpe nafasi 4 za shehena na 2 huru. Ngao ndogo ya 80 ichukue nafasi huru moja. Jumla 4 × 26 + 16 = tani 120, namba yako ileile. Anayetaka kuvua ngao afike tani 136 na afe kwa hiari yake. Korongo mpe nafasi 6, zote huru. Ngao kubwa ya 240 ichukue mbili. Zinabaki nne, yaani tani 64 alizozipata hesabu_kwanza, na sasa zimetoka kwenye muundo badala ya kuchongwa kwa mkono. Akitaka kuchimba, kisafishio cha madini kichukue nafasi moja na sanduku la droni moja. Zinabaki tani 32. Fuko mpe kisafishio kilichojengewa ndani kisichokula nafasi, abaki na tani 60 zake.

Usisahau kutoza ubadilishaji wa nafasi. Endless Sky, gemu nyingine ya anga ambayo ni huria na faili zake za data ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua na kuyasoma, ina kifaa kinachokula nafasi 20 za vifaa kukupa 15 za shehena, na kingine kinachofanya kinyume kwa hasara ileile. Unaweza kugeuza meli yako iwe kitu kingine, na kila ukigeuza unapoteza robo. Jambo dogo, lakini linamzuia mjanja kuchukua meli ya vita na kuifanya bora kuliko ya mizigo.

Halafu kuna uzito. Uhesabu, na uuhesabu kwa meli iliyojaa, sio tupu. Kwenye Elite Dangerous ganda la Anaconda, meli kubwa ya kazi nyingi, lina tani 400, wakati Federal Corvette ya kundi lilelile la ukubwa ina 900. Umbali wa kuruka unategemea uzito, kwa hiyo Anaconda iligeuka kipenzi cha wavumbuzi wa mbali. Namba moja ya uzito inatosha kumpa mwenye kazi nyingi taji la fani ya mtu mwingine.

dereva_malaba (Tororo)

Mnahesabu meli mnasahau barabara. Trela la kontena linatoka Mombasa, linapita hapa Malaba, linafika Kampala bila shida, lakini mzigo wake hauingii soko la Kikuubo kwa trela. Unashushwa, unapakiwa kwenye Canter na Fuso. Hakuna anayesema Canter ina nguvu kuliko trela. Ina mlango wa kuingia, imekwisha.

Mpe nahodha vituo vyenye pedi ndogo za kutulia meli. Elite Dangerous ina pedi za ukubwa wa aina tatu, na vituo vidogo vya pembezoni havina pedi kubwa kabisa. Python ya kazi nyingi inatua kwenye pedi ya kati. Type-7, meli ya mizigo, inahitaji pedi kubwa ingawa shehena yake haiizidi Python kwa mengi. Matokeo yake Type-7 ilibaki miaka mingi meli ya kupitia tu, unainunua kwa kuwa ni rahisi na unaikimbia pesa ikipatikana. Mwaka 2024 walileta Type-8, meli maalum ya mizigo inayotua pedi ya kati na kubeba kuliko Python, na pengo likazibika. Ona kwamba dawa ilikuwa mlango. Python haikuguswa.

Kwa hiyo: Punda atue vituo vikubwa tu. Korongo itue popote. Kisha bei za vituo vidogo ziwe bora kidogo, mathalani faida ya 480 kwa tani badala ya 400, ila akiba ya bidhaa iwe ndogo, tani 60 hadi 80 kwa ziara. Hapo tani 64 za Korongo zinaenea vizuri, na Punda hata angeruhusiwa asingejaza.

Tahadhari: usiweke vituo vidogo vingi mno. Vikizidi theluthi moja ya ramani, Punda anakosa pa kwenda na umerudi ulikotoka, Korongo imemeza wote.

binti_westnile (Arua)

Nakubaliana na nafasi na pedi. Sikubaliani kwamba meli ya kazi nyingi kuishinda meli maalum kwenye fani yake ni dhambi kila mara. Kwenye Elite Dangerous hiyohiyo, Imperial Cutter huhesabiwa kazi nyingi na inabeba tani chache zaidi ya Type-9, lori lenyewe, ambalo hufika kama 790. Ina ngao nzito pia. Mbona Type-9 bado inaruka? Kwa sababu Cutter ni kama milioni 208 dhidi ya milioni 76 hivi, na huiuziwi mpaka ufikie cheo cha Duke kwa Dola, himaya iliyomo ndani ya gemu hiyo. Bei na kizuizi cha cheo ni mizani halali, ila kwa watu walio katikati ya safari tu. Akishaipata, mizani imekwisha. Gemu yako ikiwa ya saa 20 inafaa. Ikiwa ya watu kukaa miezi, usiitegemee.

Na Korongo kwa 1,400,000 dhidi ya Punda 900,000 haizuii mtu. Tofauti ya 500,000 inarudi kwa saa tatu na ushee za kazi. Hiyo si bei ya uhodari, ni nauli.

nahodha_nile (Jinja)

Nawashukuru sana, nafasi na pedi naziingiza. Maswali mawili yamebaki. Kwanza, sasa hivi mchezaji akiwa kituoni anaweza kubadili meli bure, papo hapo, meli zake zote zinamfuata. Nihofie? Pili, anayeanza ana meli moja tu. Nimpe Korongo ndogo, au nimpe meli maalum?

hesabu_kwanza (Mbarara)

La kwanza ni kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa. Kubadili kukiwa bure, mwenye Punda, Kozi na Fuko ana meli bora ya kila kazi kwa kila dakika. Thamani pekee ya kazi nyingi ni kutolazimika kurudi gatini, nawe umeifanya sifuri. Ukitekeleza ushauri wote wa juu na kuacha hilo, Korongo itakuwa takataka tena na utadhani ni nafasi za fundi_ntinda.

Pima hivi. Punda anaingiza 160,125 kwa saa, ambazo ni karibu 2,669 kwa dakika. Meli zikibaki pale ulipoziacha, kwenda kuchukua nyingine ni mruko wa kwenda na wa kurudi, tuseme dakika 12 kwa ramani yako. Kila ubadilishaji unakugharimu 32,000 hivi. Pengo la Punda na Korongo ya tani 64 ni 23,110 kwa saa. Gawanya: 0.72. Maana yake, mchezaji anayebadili kazi mara moja kila dakika 83 anaona meli zote mbili sawa. Anayebadili mara nyingi kuliko hapo anafaidi Korongo, anayekaa kwenye kazi moja kutwa anafaidi Punda. Hiyo dakika 83 ndiyo namba ya kucheza nayo, na una vishikizo viwili: pengo la mapato, au gharama ya kubadili. Cheza na cha pili kwanza, kwa sababu hakivurugi uchumi.

Na hapa simu zinaingia. Mtu anayecheza dakika 20 akisubiri taxi ijae, kisha anafunga bando, hana muda wa kurudi gatini. Kwake Korongo ina thamani kubwa kuliko jedwali linavyoonyesha. Ikiwa wengi wako ni wa simu, punguza gharama ya kubadili: ada ya kuhamishiwa meli ya asilimia 1 ya bei yake, na ifike baada ya dakika 4 za mchezo. Kwa Punda ada ni 9,000. Ukiongeza dakika 4 za kusubiri zenye thamani ya 10,700, jumla ni chini kidogo ya 20,000. Mstari unahamia karibu na mara 1.2 kwa saa, kila dakika 50 hivi.

Usiondoe kusubiri ubakize ada peke yake. Elite Dangerous walipoleta uhamishaji wa meli mwaka 2016 waliwauliza wachezaji kama ufike papo hapo au ucheleweshwe, na wengi walichagua ucheleweshwe. Kwa gemu yako sababu ni hizi tunazozijadili: ada humwuma maskini tu, muda humwuma kila mtu.

binti_westnile (Arua)

Swali la pili nijibu mimi. Njia zote mbili zimefanyiwa kazi. Elite ya 1984, ya David Braben na Ian Bell, ilikupa Cobra Mk III na hukuweza kununua meli nyingine kabisa: tani 20 za shehena, 35 ukinunua nyongeza. Umaalum wote ulikuwa kwenye vifaa. Endless Sky inakuwekea meli tatu za kuanzia, moja ya abiria, moja ya vita, moja ya mizigo, na chaguo lako la kwanza tayari linaamua utafanya nini.

Kwako ningechukua njia ya kwanza: meli ya kuanzia ya kazi nyingi, yenye nafasi huru 3, ili aonje kila kazi. Lakini iwe mbovu kwa kiasi cha kumfanya atamani meli maalum ndani ya saa mbili. Mfuatano huo unaleta kitu kizuri: mwanzo kazi nyingi kwa umaskini, katikati meli maalum kwa tamaa, mwisho Korongo kwa raha.

Neno moja juu ya Fuko, hakuna aliyemtetea. Tani 60 za shehena ya kawaida ni udhaifu, maana Punda akifungwa keekee anamzidi ujazo. Mgawie ghala la madini peke yake, lisilopokea bidhaa nyingine, na uliongeze bila hofu hadi tani 100. EVE Online, gemu nyingine ya anga, walipitia shida hii. Gallente, moja ya mataifa ya gemu hiyo, walikuwa na meli tano za mizigo za jina moja, Iteron, na aliyekuwa na uwezo wa kuendesha ya tano hakuwa na sababu ya kugusa nne za chini. Mwaka 2013 walizigawia kazi: Miasmos ghala la mawe ya madini, Kryos la madini yaliyosafishwa, Epithal la bidhaa za sayari, Nereus mbio, na Iteron Mark V ikabaki na shehena ya jumla. Ghala la aina moja linaweza kuwa kubwa kupindukia bila kuharibu biashara, kwa kuwa huwezi kulijazia kitu kingine.

Hukohuko kuna dawa ya mtu atakayerundika moduli za ngao kwenye nafasi zote sita za Korongo. Moduli ya kwanza ya aina moja inafanya kazi kwa asilimia 100, ya pili 86.9, ya tatu 57.1, ya nne 28.3, ya tano 10.6. Kanuni ni e kwa kipeo cha hasi (n ÷ 2.67) mraba, n ikianzia sifuri. Nyongeza tatu za asilimia 20 zinakuwa 20, 17.4 na 11.4. Itumie kwa ngao, kasi na nguvu ya mizinga. Kwa rafu usiitumie, kule kwao pia nyongeza za shehena haziguswi: mchezaji anaona tani kwa macho, na rafu ya tatu ikibeba pungufu ya ya kwanza atadhani ni hitilafu.

fundi_ntinda (Kampala)

Kabla hujawaita watu tena, fanya kompyuta ikuchezee. Toa namba za meli kwenye msimbo uziweke kwenye faili la CSV au JSON. Andika skripti isiyochora chochote, inayorudia safari kwa kanuni zako: pakia, ruka, pima nasibu ya haramia, pigana au kimbia, shusha. Endesha `godot --headless -s jaribio.gd`. Mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha mfuatano wa bahati) iwe moja kwa meli zote, la sivyo unalinganisha bahati. Saa 1,000 za mchezo kwa kila meli zinaisha upesi hata kwenye laptopu ya zamani, mradi usitumie saa halisi ya gemu. Hesabu sekunde mwenyewe.

Usiandike wastani tu, andika na mtawanyiko. Punda na Korongo zinaweza kulingana kwa wastani huku Punda akifilisika mara moja kila saa chache na Korongo isifilisike. Mchezaji haoni wastani, anaona siku aliyolipuliwa na tani 120. Mtawanyiko wa Punda ukiwa mkali mno, punguza bei ya ununuzi ya bidhaa kabla ya kugusa ngao. Hasara ya shehena ndiyo inayomuua, kwenye hesabu ya juu ilikuwa 120,000 dhidi ya 45,000 za bima.

Badili kishikizo kimoja kwa kila mzunguko. Ukigusa pedi, nafasi na ada kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini.

nahodha_nile (Jinja)

Nimeelewa. La mwisho: kuna watu wana Korongo zenye tani 96 ndani na mchezo umehifadhiwa. Toleo jipya likija na tani 64, hizo 32 nifanyeje? Nizifute na kuwalipa?

fundi_ntinda (Kampala)

Usifute. Acha meli ipakie kwa ziada: shehena inabaki 96, kitufe cha kununua kinazimwa mpaka ishuke chini ya 64, na uzito wa ziada uhesabiwe kwenye kuruka kama kawaida. Moduli zilizokosa nafasi zipeleke ghala la kituo cha mwisho alichotua, siyo kituo cha karibu, kwa sababu "karibu" kwa mtu aliyehifadhi akiwa katikati ya anga inaweza kuwa kituo cha maharamia. Na weka namba ya toleo ndani ya faili la kuhifadhi sasa hivi, kabla ya mabadiliko yoyote. Bila hiyo msimbo wako hautajua meli ipi ni ya zamani na utaipunguzia mtu mara mbili.